Wimbo mpya wa sauti nne: kutoka karatasini hadi Misa ya Dominika

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya ya parokia au kigango mwenye waimbaji 15 hadi 40, kinanda kimoja, na wimbo mpya wa sauti nne (soprano, alto, tena ambao ni wanaume wa sauti ya juu, na besi) ulioandikwa kwa nota za solfa (d, r, m, f, s, l, t). Tunaufuata wimbo mmoja tangu unapochaguliwa hadi unapoimbwa. Mfano ni wa Misa ya Kanisa Katoliki Tanzania, kwa kuwa Misa ina masharti yake kuhusu wimbo gani uimbwe wapi. Habari za ufunguo, pumzi, matamshi na mikono zinamfaa vilevile mwalimu wa kwaya ya KKKT (Walutheri), Anglikana au Moravian.

Shika jambo moja tangu mwanzo: makosa yanayosikika Dominika asubuhi karibu yote yamezaliwa ndani ya wiki. Waimbaji wa tena wanaopiga kelele hawakuamka na shari. Wimbo umewekwa juu kuliko koo zao. Kwaya iliyonyamaza umeme ulipokatika ilifundishwa ikiegemea kinanda. Waamini waliokaa wakitazama kama wako kwenye tamasha hawakupewa kiitikio cha kushika.

Anza na masomo ya siku

Fungua kalenda ya liturujia kabla hujafungua faili la nyimbo. Mwaka A tunasoma zaidi Injili ya Matayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka. Ukisahau uko mwaka gani, gawanya namba ya mwaka kwa 3: ikigawanyika bila baki, ni mwaka C. Mwaka 2025 ulikuwa C, 2026 ni A. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, wiki kadhaa kabla ya Januari.

Soma somo la kwanza, zaburi na injili, kisha andika pembeni maneno mawili matatu yanayojirudia. Wimbo wa mwanzo na wa komunyo uguse maneno hayo. Wimbo mtamu wa mavuno ukiimbwa siku injili inapozungumzia mwana mpotevu, watu watacheza, lakini hakuna atakayeunganisha alichokiimba na alichokisikia.

Kisha angalia masharti. Bwana utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo maneno yake ni ya Misale, kitabu cha sala za Misa. "Utukufu" uliokatwa nusu na mtunzi ili utoshe kwenye mdundo wake usiufundishe, hata kama kwaya ya jirani wanauimba. Wimbo wa katikati ni zaburi ya siku hiyo: mzaburi anaimba mashairi, waamini wanaitikia. Wimbo wowote unaotaja neno "zaburi" haujawa wimbo wa katikati kwa sababu hiyo.

Wakati wa Majilio Utukufu hauimbwi Dominika, ila Aleluya inabaki. Wakati wa Kwaresima vyote viwili vinaondoka. Utukufu hurudi kwenye sherehe kama ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, na Kupashwa Habari Bikira Maria, 25 Machi, na tena Alhamisi Kuu. Aleluya hairudi kabisa hadi Mkesha wa Pasaka, shangilio la injili linachukua maneno mengine. Kinanda katika Kwaresima ni cha kushikilia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Maana yake kwa lugha ya mpiga kinanda: zima biti, acha madoido ya kati ya mashairi, toa ufunguo na usindikize.

Kuna hati ya Kanisa ya 5 Machi 1967, Musicam Sacram, inayopanga vitu vya kuimbwa kwa ngazi tatu, na walimu wengi hushangaa wakiisoma. Ngazi ya kwanza ni majibizano ya padre na waamini, Mtakatifu na Baba Yetu. Ya pili ni Bwana utuhurumie, Utukufu, Mwanakondoo, Nasadiki na sala ya waamini. Wimbo wa mwanzo, wa matoleo na wa komunyo, ambazo ndizo tunazozihangaikia wiki nzima, ziko ngazi ya tatu. Kwaya yenye wimbo wa mwanzo wa dakika saba, halafu Mtakatifu inasemwa kwa mdomo, imeligeuza jengo juu chini.

Kwa Dominika moja, wimbo mpya uwe mmoja. Ukiingiza miwili, waamini wanakosa pa kushika na kwaya inaingia kanisani na karatasi mkononi na macho chini.

Pima ufunguo kabla hujatoa nakala

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mtunzi ameandika juu ya karatasi "Doh ni G", yaani d ya solfa iwe G ya kinanda, na mwalimu anaamini. Lakini mtunzi aliandika akiwa na waimbaji wake kichwani. Wewe una wako, na Misa yako huenda ni ya saa 12 asubuhi, wakati koo bado zimelala.

Tafuta nota mbili tu: ya juu kabisa ya soprano na ya chini kabisa ya besi. Chukua C ya katikati ya kinanda kama kitako. Kwa soprano wa kawaida wa parokiani, F ya pili ukipanda kutoka hapo ndiyo mwisho salama. G ya pili wanaifikia wachache, na wengine wanaisindikiza kwa kelele. Kwa besi, F ya pili ukishuka ndiyo sakafu. Waimbaji wa tena wasikae muda mrefu juu ya F ya kwanza ukipanda, na G iwe ya kupita tu. Alto mwenye nota nyingi chini ya A iliyo chini ya C ya katikati hasikiki, hata mkiwa kumi.

Tuseme wimbo ni Doh ni G na soprano wanafika d' (doh ya juu) kwenye kiitikio. Hiyo ni G ya pili. Ukishusha wimbo hadi Doh ni F, soprano wanatua kwenye F na wanapumua. Lakini geuza karatasi utazame besi: kama wana d, (doh ya chini) mwishoni mwa kiitikio, kwa ufunguo wa F hiyo ni ile F ya sakafuni. Inaimbika. Ukipata tamaa ya kushusha zaidi, hadi E bemoli (nusu toni chini ya E), besi watakuwa wanatikisa taya tu. Kwa hiyo wimbo huu una nafasi ya F au F kareti (nusu toni juu ya F), basi. Andika ufunguo uliouchagua kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi yako na ya mpiga kinanda, ili kusiwe na mabishano Dominika.

Mpiga kinanda akitumia kitufe cha transpozi, kinachohamisha ufunguo kwa nusu toni, G hadi F ni hasi 2. Na hapo pana mtego wa kila wiki: wimbo unaisha, kitufe kinabaki hasi 2, wimbo unaofuata unaanza chini na besi wanatazamana. Azoee kurudisha sifuri kabla hajaondoa mkono kwenye kinanda.

Kama hakuna kinanda, uma wa sauti unatosha. Ule wa kawaida hutoa A, mitikisiko 440 kwa sekunde. Kwa Doh ni C, A hiyo ni l. Kwa D ni s. Kwa E ni f. Kwa F ni m. Kwa G ni r. Kwa B bemoli ni t. Basi ukiugonga na wimbo wako ni wa F, imba "m, r, d", umeipata doh. Fanya hivyo kimya, uma ukiwa sikioni, usiimbie kanisa zima.

Soma mkazo, usisome nota peke yake

Solfa inasema nota na mapigo. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari wa wima huonyesha pigo lenye nguvu, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, kistari huendeleza nota iliyotangulia. Hayo waimbaji wa zamani wanayajua. Kisichoandikwa ni mkazo wa Kiswahili, nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tazama mstari huu wa mapigo matatu wenye maneno "Bwana wangu":

| m :– .m :r | d :– :– |

"Bwa" inachukua pigo moja na nusu, "na" nusu pigo, "wa" pigo la tatu, na "ngu" inaangukia pigo lenye nguvu na kukaa mapigo matatu. Kwaya isiyoangalia itaimba "Bwana waNGUUU", na huo si usemi wa mtu yeyote aliyewahi kuzungumza Kiswahili. Wimbo usiubadilishe, ni mali ya mtunzi. Rekebisha uzito: "wa" iegemewe kidogo, "ngu" itue kama mtu anayeweka yai mezani. Wape waimbaji waseme maneno kwanza kwa kawaida, kisha kwa mapigo, kisha waimbe. Mara tatu zinatosha, na tofauti unaisikia hapo hapo.

Pitia wimbo wote kwa penseli ukitafuta sehemu kama hizo. Weka pia alama ya pumzi, kimkato kidogo juu ya mstari, mwisho wa wazo. "Bwana nitaku– (pumzi) –shukuru" ni kosa linalotokea kila mahali kwa sababu mstari ni mrefu na hakuna aliyepanga. Kama mstari hautoshi pumzi moja, waimbaji wapokezane: jirani yako akipumua, wewe shikilia. Hilo lipangwe kwa majina, mmoja mmoja, maana likiachwa hewani wote watapumua pamoja.

Mazoezi matatu

Mpango wa kawaida ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kila zoezi saa moja na nusu. Zaidi ya hapo koo zinachoka na watu wa mbali wanaanza kutoroka.

Dakika 10 za kwanza ni za kupasha sauti. Vuma "mmm" midomo imefungwa, halafu d r m f s f m r d kwa "ma, me, mi, mo, mu", ukianzia Doh ni C na kupanda nusu toni kila mzunguko hadi F. Usipande zaidi siku ya baridi. Anayefika amechelewa aingie kwenye vumo, asirukie wimbo.

Zoezi la kwanza, kiitikio peke yake:

1. Someni maneno kwa mapigo, mkipiga goti au dawati taratibu. Silabi zenye "m" ya peke yake zihesabiwe: m-ku-u ni silabi tatu, na ile "m" ina nota yake.
2. Fundisha besi kwa solfa, mapigo ya mistari minane kwa wakati mmoja, bila maneno. Halafu soprano. Walimu wengi huanza na soprano kwa sababu ndiyo yenye wimbo, ila wakishaushika, besi na tena huanza kuufuata badala ya kusoma ya kwao. Besi wakiwa na msingi tayari, soprano wanaegemea.
3. Unganisha besi na soprano. Kama sauti hizi mbili hazijasimama, usiongeze ya tatu.
4. Fundisha alto, wakifuatiwa na tena. Wakati huo soprano na besi wakae nje na viongozi wao wa sauti wakiyatia maneno. Mtu aliyekaa dakika 20 bila kazi anafungua simu, na kumrudisha ni kazi nyingine.
5. Alto na tena pamoja, wawili tu. Hapa ndipo yanapojificha makosa, kwa sababu sauti hizi za kati hufunikwa na nyingine wote mkiimba.
6. Wote wanne kwa solfa, polepole. Kisha kwa maneno.

Kinanda kisipige wimbo katika hatua hizo zote. Kitoe nota ya kuanzia, kinyamaze, na mwisho wa kiitikio kipige tena kuangalia kama mmeshuka. Mpiga kinanda mwenye moyo mwema anayewapigia tena nota zao kila wanapokwama anawafundisha kusubiri kinanda.

Jumatano rekodi kila sauti kwa simu, isizidi dakika mbili, utume kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Taja mwanzoni: "Sauti ya pili, kiitikio, Doh ni F." Usitume rekodi ya kwaya nyingine iliyoko mtandaoni kama njia ya kujifunza. Watarudi Alhamisi na ufunguo wake, mwendo wake na makosa yake, na utatumia saa nzima kuyaondoa.

Zoezi la pili ni la mashairi na kuunganisha. Mashairi yakiwa ya sauti moja, wagawie: shairi la kwanza soprano, la pili tena, la tatu wote. Ukimpa mtu mmoja mashairi yote, akiugua mafua Ijumaa huna wimbo. Zoezi la tatu, Jumamosi, mlifanyie kanisani mkiwa mmesimama kama mtakavyosimama, na wimbo uimbwe mara mbili kamili bila kukatizwa. Makosa yaandike, uyaseme baada ya kumaliza. Mwalimu anayesimamisha kila baada ya mistari miwili hadi Jumamosi usiku anaifanya kwaya isiwahi hata mara moja kufika mwisho wa wimbo.

Matamshi

Kiswahili kimewapendelea waimbaji: silabi karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo sauti ina mahali wazi pa kukaa. Tatizo ni irabu zenyewe. "I" na "u" hubanwa na kuwa nyembamba. Waambie wafungue taya kama wanasema "e" na "o" huku midomo ikibaki ya "i" na "u". "A" ya mwisho wa mstari hupigwa kelele, hasa na tena; ishushwe nguvu ikiwa bado inaendelea.

"Mb", "nd" na "ng" mwanzoni mwa neno huzaa irabu ya ziada: "umbingu", "indugu". Nota ianze kwenye irabu ya neno, ile pua ipite haraka kabla ya pigo. Kuhusu "r" na "l", kila mkoa una lugha zake za nyumbani na ulimi haulaumiwi, ila "kura" na "kula" zisipishane kwenye wimbo wa komunyo. Andika hayo maneno makubwa ubaoni na uyasome pamoja. Usimtaje mtu kwa jina mbele ya wenzake.

Wimbo unaposhuka

Kwaya inaanza F na kumaliza karibu na E. Sababu zake zinajulikana na kila moja ina dawa yake. Kwanza ni "m" na "t" zinazoimbwa chini: muimbaji akipanda r–m huridhika mapema. Waimbe "d r m, m, m" wakifikiri kila "m" iko juu kidogo ya iliyotangulia. Pili ni nota inayorudiwa mara nyingi, kama s s s s s. Kila moja hupoteza kidogo. Tatu ni pumzi iliyoisha kabla ya mwisho wa mstari. Nne ni kuteremka s hadi d kwa kujitupa.

Kuna sababu ya tano ambayo haitafutwi vya kutosha: ufunguo wenyewe umekaa pabaya kwenye koo, pale sauti ya kifua inapobadilika kuwa ya kichwa. Jaribu kupandisha wimbo nusu toni tu. Inaonekana kinyume na akili, lakini mara nyingi wimbo uliokuwa unashuka F unasimama imara F kareti.

Mikono

Wimbo wa mapigo matatu: chini, nje kulia, juu. Mapigo manne: chini, ndani kushoto, nje kulia, juu. Nyimbo za 6/8 zenye mwendo ziongozwe kwa mapigo mawili; ukipiga yote sita utaonekana unafukuza nzi. Mikono ikae kati ya kifua na kidevu, ili walio mstari wa nyuma waione bila kunyoosha shingo.

Pigo muhimu kuliko yote ni lile la kabla ya wimbo. Inua mkono na upumue nao, kwa kasi ile ile ya wimbo, pigo moja kamili. Wimbo ukianzia pigo la nne, pumzi yako iwe ya pigo la tatu. Mwalimu anayeinua mkono haraka kisha kuanza taratibu hupata mianzo mitatu tofauti, na lawama zinakwenda kwa alto.

Usiimbe na soprano wakati unaongoza. Ukiimba husikii, na usiposikia hujui kama tena wamepotea tangu shairi la pili. Tamka maneno kwa midomo, inatosha.

Dominika yenyewe

Fika dakika 45 kabla. Soprano mbele kushoto, alto mbele kulia, besi nyuma ya soprano, tena nyuma ya alto. Ikiwa tena ni watatu tu, waweke katikati mbele. Wakiwa pembeni watavutwa na alto. Kwa waimbaji 24, maikrofoni mbili zinatosha, mita moja mbele ya mstari wa kwanza, kimo cha midomo. Maikrofoni ya kila mtu huleta kanisani sauti za watu wanne wenye nguvu, na wengine ishirini ni kama hawakuja. Spika isiwe nyuma ya maikrofoni ikiielekea, itapiga mluzi. Sauti ya kinanda ipunguzwe mpaka tena wajisikie wenyewe.

Kanisa tupu lina mwangwi. Likijaa watu, nguo na miili yao humeza sauti. Kwa hiyo ulivyosikia Jumamosi sivyo utakavyosikia. Kwenye kanisa lenye mwangwi mwingi punguza mwendo kidogo na fupisha nota za mwisho.

Simama mahali unapoona altare. Wimbo wa mwanzo unaisha padre akishafika kwenye kiti, hata kama kuna mashairi matatu mmeyakariri kwa jasho. Malizia kiitikio mlichomo na ufunge. Wimbo wa komunyo unaanza padre anapokomunika, usingoje foleni ianze, na uwe na kiitikio kifupi kwa kuwa watu wanatembea bila vitabu. Mwanakondoo huendelea hadi mkate umalize kumegwa. Matoleo ndiyo hayana saa: watu wakipita kutoa sadaka mmoja mmoja kwenye parokia kubwa, wimbo mmoja hautoshi. Andaa wa pili unaojulikana, na mtu mmoja awe na kazi ya kutazama foleni na kukuonyesha vidole: kimoja, bado; ngumi, funga.

Kama wimbo mpya una kiitikio cha kuwapa waamini, wafundishe dakika tano kabla ya Misa. Imba kiitikio kwa soprano peke yake mara mbili, waitikie mara mbili, basi. Hotuba ya maelezo haihitajiki. Wakati wa Misa, geuka uwaonyeshe mkono waingie.

Mambo yakiharibika katikati

Sauti zikigongana, usisimamishe. Onyesha kidole kimoja, ishara mliyokubaliana mazoezini, na wote wahamie soprano hadi mwisho wa kiitikio; kiitikio kinachofuata mrudi sauti nne. Mkianza kwenye ufunguo mbaya na mmefika neno la pili tu, simamisha, toa nota upya, anzeni. Mkishafika mstari wa pili, endeleeni hivyo hivyo.

Umeme ukikatika, mkono wako usisite hata pigo moja. Ukirudi, mpiga kinanda anyamaze hadi wimbo uishe. Mtakuwa mmeshashuka robo toni au nusu, na akiingia katikati kanisa zima litasikia nyimbo mbili. Hali ni ile ile mkiwa na umeme lakini mmeshuka wakati wa shairi lisilo na kinanda: asiingie kwenye kiitikio mpaka amesikiliza.

Mzaburi akipotea kwenye shairi, imbeni kiitikio. Atapata sekunde kumi za kutafuta mstari wake na wengi kanisani hawatajua.

Baada ya Misa zuia kwaya dakika tano, kabla sare hazijavuliwa. Kusanya karatasi, hesabu nakala. Andika kwenye daftari la kwaya: tarehe, wimbo, ufunguo uliotumika, ulianza na kuisha kwenye nota gani, matoleo yalichukua dakika ngapi, wapi palivunjika. Transpozi irudi sifuri, kinanda kifunikwe, adapta ichomolewe ukutani.